Mbuzi, Uzee na Historia ya Mwambao wa Rumonge

Likizo iliyopita tulikaa kikao cha familia Rumonge kuamua jambo moja: Bibi, mwenye miaka 76, aendelee kufuga mbuzi wake watatu, au wauzwe? Mama alitaka wauzwe. Nilimuunga mkono, na sababu yangu haikuwa ya heshima sana: kila ninaporudi kutoka chuoni, mimi ndiye ninayekabidhiwa panga la kukatia majani. Katika insha hii najaribu kuonyesha kwamba swali lile lilikuwa na historia, na kwamba tuliliuliza vibaya.

Zamani, mzee wa Burundi hakuulizwa kama bado ana nguvu za kufuga. Kuchunga ilikuwa kazi ya watoto. Asiye na watoto wa kutosha aliragiza, yaani alimkabidhi mtu mwingine mnyama wake amtunze. Mtunzaji alipata maziwa, mbolea na, kwa mapatano, baadhi ya ndama au wanambuzi waliozaliwa, lakini mnyama alibaki mali ya mwenyewe. Jambo hili lisichanganywe na ubugabire, ambapo bwana alimpa mtu ng'ombe na mpokeaji akawa na deni la kumtumikia. Sisi wanafunzi wa historia tunausoma sana ubugabire kwa sababu ndani yake mna wakubwa. Kuragiza kulifanywa hata na majirani wa kawaida, na ndiyo maana nadhani tunakupita haraka mno.

Kwetu Imbo, kwenye uwanda wa kando ya ziwa, watu wameishi kwa ndagala, mawese na mihogo, na kwa wengi mbuzi ndiye akiba. Mvuvi hana pensheni. Ada yangu ya mwaka wa kwanza ilitokana na beberu mmoja mwekundu, jambo ambalo Bibi hachoki kunikumbusha.

Kilichovunja utaratibu huo kwetu ni mwaka 1972. Mwishoni mwa Aprili waasi waliwashambulia Watutsi katika maeneo ya kusini, Rumonge ikiwemo, na serikali ya Rais Michel Micombero ikajibu kwa kuwaua Wahutu nchi nzima. Bibi, akiwa na mtoto mgongoni, alivuka ziwa kwa mtumbwi hadi Kigoma. Mbuzi walibaki kambani. Akaishi katika makazi ya wakimbizi ya Katumba, hadi Tanzania ilipowapa wakimbizi wa 1972 nafasi ya kuchagua kati ya kurudi na kuomba uraia. Watu wapatao 162,000 walipewa uraia. Bibi alirudi mwaka 2009 pamoja na Mama. Wajomba zangu wawili wakabaki, na leo ni Watanzania. Mikono ambayo ingemchungia mbuzi iko Katavi.

Kisha ikaja sheria ya Oktoba 2018 inayotaka mifugo yote ifungiwe bandani. Wananchi walipewa miaka mitatu kujiandaa. Siipingi: mashamba ni madogo na mbuzi anayezurura hula mihogo ya watu. Lakini iliyobadilika ni kazi yenyewe. Mbuzi aliyekuwa akienda kwenye majani, sasa majani yanamfuata yeye, tena kichwani mwa mtu. Kwa kijana hilo ni jasho tu. Kwa Bibi, mwenye goti bovu, ni kupanda mteremko mara mbili kwa siku na mzigo wa majani ya tembo.

Basi kikaoni nikauliza kwa nini asiragize. Kimya. Vijana wenye nguvu walio karibu ni wa nyumba moja tu, ile ya familia iliyokuta shamba letu tupu, ikalima humo miaka yote ya ukimbizi. Bibi aliporudi, shamba liligawanywa nusu kwa nusu, na tangu siku hiyo salamu kati yetu na wao zilikuwa za barabarani tu.

"Unataka niwape na mbuzi?" Mama aliuliza.

Bibi ndiye aliyejibu, akinitazama mimi. "Mume wangu, shamba walilikuta. Mbuzi nitawapa mwenyewe, kwa mkono wangu. Si sawa."

Walipatana mbele ya mashahidi wawili: mbolea yote ni ya kijana mtunzaji, na kila mzao wa pili ni wake. Paka hakujadiliwa, huyo hujilisha vichwa vya ndagala na hahitaji mtu.

Mmoja wa mbuzi wale amekwisha kuzaa mapacha, na tayari kuna ubishi kama pacha wa pili ahesabiwe mzao wa pili. Mama bado anasema tungeuza. Bibi huenda kule kila alasiri kuwatazama mbuzi wake, na siku nyingine hukawia mpaka jua linazama upande wa Kongo, hata inabidi nitumwe kumwita.