Usonji kwa mtazamo wa wenye usonji

Usonji ni namna ya ubongo kukua ambayo huonekana tangu utotoni: katika kuzungumza na kuelewa mazungumzo, katika kuhusiana na watu, katika kushikilia utaratibu ule ule, na katika jinsi mwili unavyopokea sauti, mwanga, harufu na mguso. Mtu huzaliwa nao na huzeeka nao. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Dalili zake zimeandikwa sana. Kilichoandikwa kidogo, hasa kwa Kiswahili, ni jinsi mwenye usonji mwenyewe anavyouona usonji wake. Hilo ndilo linaloshughulikiwa hapa, kwa kutazama zaidi Buguruni, kata ya Wilaya ya Ilala jijini Dar es Salaam, kusini-magharibi mwa Kariakoo.

Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alieleza usonji mwaka 1943 baada ya kuwachunguza watoto 11. Kwa miaka zaidi ya 40 iliyofuata, waliosemea usonji walikuwa madaktari na wazazi. Temple Grandin, Mmarekani ambaye hakuanza kuzungumza mpaka alipopita miaka mitatu, alichapisha kitabu cha maisha yake mwaka 1986, wakati ambapo wataalamu wengi hawakuamini kuwa mwenye usonji anaweza kuyaeleza ya ndani mwake. Mwaka 1993, katika mkutano wa Toronto, Jim Sinclair, naye mwenye usonji, aliwataka wazazi waache kuwaombolezea watoto wao walio hai. Hoja yake ilikuwa kwamba hakuna mtoto mwingine aliyejificha nyuma ya usonji, akisubiri kutolewa. Anayeombolezwa ni mtoto aliyetarajiwa, naye hakuwahi kuzaliwa. Wazazi wengine waliumia kusikia hivyo. Lakini tangu hapo imekuwa vigumu kuandika habari za usonji kana kwamba wenyewe hawamo chumbani. Mwaka 2005 wenye usonji walijiwekea siku yao ya kujivunia walivyo, tarehe 18 Juni.

Wanajisikiaje, basi? Hawana jibu moja, na anayedai kuwa wanalo moja hajawasikiliza. Wengi wanaoweza kueleza husema usonji hauwezi kutengwa nao: ndiyo njia wanayofikiri, wanayokumbuka na wanayopenda. Husimulia raha ya kuzama katika jambo moja kwa saa nyingi, kuona kasoro ndogo ambayo wengine wameipita, kusema kweli bila kuzunguka. Waliotambuliwa ukubwani mara nyingi husema walipata nafuu, kwa kuwa maisha yote walijihesabu wakaidi, wavivu au wabovu, kumbe palikuwa na sababu. Wengine hawaoni cha kujivunia. Mwenye kifafa pamoja na usonji, au asiyepata maneno anapoumwa tumbo, anaweza kutamani kwa dhati hali yake ingekuwa nyingine. Na mtu yule yule anaweza kuupenda usonji wake asubuhi akiwa peke yake na kazi yake, akauchukia jioni akiwa ndani ya daladala iliyojaa.

Daladala hiyo si mfano wa kupita tu. Buguruni imekaa pale Barabara ya Uhuru inapokutana na Barabara ya Mandela, magari ya mizigo ya bandarini yakipita upande mmoja na abiria wa Kariakoo wakigombea viti upande mwingine. Wapiga debe wanaita, bodaboda zinapiga honi, spika za maduka zinashindana, sokoni pananuka samaki na matunda yaliyoiva kupita kiasi, na usiku wa sherehe muziki huendelea mpaka karibu na alfajiri. Wengi huzoea kiasi cha kutovisikia tena. Mwenye usonji ambaye masikio yake hayachuji sauti huvisikia vyote kwa pamoja, kila kimoja kwa nguvu yake. Akiziba masikio, akijitikisa au akipunga mikono, anautuliza mwili wake. Akilala chini akapiga kelele, amezidiwa. Mpita njia huona mtoto aliyedekezwa na mama asiyejua kulea.

Ni lazima lisemwe wazi kwamba sehemu kubwa ya maumivu ambayo wenye usonji huyaeleza hutoka huko, katika mazingira na katika macho ya watu. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2018 kuhusu watu wazima 111 wenye usonji uliona kuwa wale waliohisi kukubaliwa, na kujikubali wenyewe, walikuwa na dalili chache zaidi za sonona. Kinyume chake ni kujikaza: kujifunza kwa juhudi wapi pa kucheka, namna ya kumtazama mtu, jinsi ya kunyamazisha mikono. Wenye usonji wengi huieleza kazi hiyo kuwa ndiyo inayowachosha kuliko yote, na wasichana huanza mapema kuifanya. Hapa Pwani kuna jambo ambalo vitabu vya Ulaya havikulifikiria. Mtoto asiyemkazia mkubwa macho hahesabiwi kuwa na dalili yoyote, ana adabu. Binti mkimya asiyechangamana huitwa mtulivu, ana haya. Usonji wake unaweza kujificha ndani ya sifa hizo mpaka siku anapopelekwa shule ya sekondari, au anapoolewa katika nyumba ya watu kumi, ndipo aonekane ana kiburi.

Anapoonekana mapema, maelezo yanayomkuta kwanza mara nyingi si ya hospitali. Huambiwa ana jini, au amerogwa, au mama yake alikiuka mwiko wakati wa mimba. Nani wa kulaumiwa hujulikana kabla nini kimetokea hakijajulikana. Msomaji asidhani kuwa hili ni la uswahilini tu. Bruno Bettelheim, profesa wa Chuo Kikuu cha Chicago, alichapisha mwaka 1967 kitabu kilichowatupia akina mama lawama ya usonji wa watoto wao, kwa madai kwamba hawakuwapenda vya kutosha, nacho kiliaminiwa miaka mingi na wasomi. Mganga na profesa wamekutana katika kosa moja. Na mtoto anayesikia kila siku kwamba amekaliwa na kitu kibaya hujifunza kujiogopa. Hisia hiyo haikuletwa na usonji.

Buguruni yenyewe imeshaona kundi moja la watu likigeuza mtazamo wa aina hii. Shule ya viziwi ilifunguliwa hapo mwaka 1974. Shule ya kwanza ya viziwi nchini ilikuwa imeanzishwa Tabora mwaka 1963. Katika shule za mwanzo mkazo ulikuwa kumfunza kiziwi kutamka na kusoma midomo, yaani kumfanya afanane kadiri iwezekanavyo na msikiaji. Wanafunzi walikutana, wakakaa pamoja, wakazungumza kwa mikono. Alama zao zilienea hata mwaka 2004 Henry Muzale wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam akachapisha kamusi ya Lugha ya Alama ya Tanzania. Viziwi wengi leo hujieleza kama watu wenye lugha yao. Wenye usonji wa Marekani waliokusanyika miaka ya 1990 walijifunza waziwazi kutoka kwa viziwi, kwa kuwa nao waligundua kwamba wakiwa wenyewe kwa wenyewe uzito mwingi hupungua. Mwaka 2012 Damian Milton, mwanasosholojia mwenye usonji wa Uingereza, alitoa hoja kuwa kutoelewana kati ya wenye usonji na wasio nao kuna pande mbili. Jaribio la Edinburgh lililochapishwa mwaka 2020 liliipa nguvu: habari iliyopitishwa kutoka mtu hadi mtu ilifika vizuri kati ya wenye usonji watupu sawa na kati ya wasio nao watupu. Ilipotea zaidi pale makundi mawili yalipochanganywa.

Tofauti na viziwi, wenye usonji wa Dar es Salaam bado hawajapata mahali pengi pa kukutana. Shule ya Msingi Msimbazi Mseto, wilayani Ilala, ina kitengo cha watoto wenye usonji, na vyama vilivyoanzishwa zaidi na wazazi na walimu vimefanya kazi ya kuheshimiwa ya kuwatoa watoto vyumbani walimofichwa. Tanzania iliridhia mwaka 2009 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Ila karibu kila kilichopo kinamlenga mtoto. Mtoto huyo anapofika miaka 20, darasa limekwisha, na mama amezeeka. Mtu mzima mwenye usonji asiye na ulemavu wa akili, yule fundi mkimya au mwanafunzi wa chuo anayekula peke yake, mara nyingi hana hata jina la hali yake. Asiye na jina la hali yake hawezi kueleza anajisikiaje kuwa nayo. Hueleza tu kwamba amechoka na watu.

Kuna swali gumu zaidi, la wale wasiozungumza kabisa. Wapo wanaodai kuwa fahari ya usonji ni ya wenye kusema na kuandika tu, na dai hilo lina uzito. Lakini haifuati kwamba asiyesema hana la kusema juu yake mwenyewe. Mwalimu wa elimu maalumu anayekaa naye mwaka mzima hujua anachokikimbia, anachokirudia kwa furaha, nani akiingia mabega yake hushuka. Kadi za picha, na kwa wengine simu yenye programu ya kutamka maneno, humpa njia ya kukataa, na kukataa ndiyo kauli ya kwanza ya mtu kuhusu maisha yake. Mtoto anayefungwa mikono ili asiipunge amenyang'anywa kauli hiyo.

Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa liliamua Desemba 2007, kwa pendekezo la Qatar, kuwa tarehe 2 Aprili iwe siku ya dunia ya kuelimishana kuhusu usonji, na Dar es Salaam huiadhimisha kwa matembezi na hotuba. Wanaoiandaa wanaombwa mambo mawili ambayo hayana gharama: spika zipunguzwe sauti, na mzungumzaji wa kwanza awe mtu mzima mwenye usonji. Kama hataki kupanda jukwaani, asomewe alichokiandika.