Supu ya Boga Haikuzaliwa Hotelini

Watu wangu, leo nina kesi, na kesi yenyewe ni ya bakuli.

Desemba iliyopita niliitwa kurekodi chakula cha sikukuu kwenye hoteli moja ya ufuoni. Nikaletewa bakuli jeupe, pana kama sinia, ndani yake supu nzito ya rangi ya machungwa, na juu krimu imezungushwa kama konokono. Mpishi akanieleza ni supu ya malenge ya Kizungu, wameiandaa kwa wageni wasiokula nyama. Nikaonja. Wallahi nilinyamaza. Ilikuwa boga la nazi la bibi yangu, ila nazi imetolewa, maziwa ya ng'ombe yametiwa, na bei imepanda mpaka bibi akiisikia atauliza kama na bakuli unaondoka nalo.

Nilipoweka video, komenti zikagawanyika pande mbili. Upande mmoja: acha kuiga Wazungu. Upande wa pili: hiyo ni yetu, wametuibia. Sasa, mimi niliacha chuo mwaka wa pili kwa sababu ya ada, kwa hivyo msinisubiri niongee kiprofesa. Lakini kusoma sikuacha, na nikisoma naona pande zote mbili zimeteleza.

Tuanze na boga lenyewe. Boga ni mgeni hapa. Mbegu za maboga za zamani sana zilifukuliwa kwenye pango la Guilá Naquitz, jimbo la Oaxaca, Meksiko, na umri wake ni kama miaka 10,000. Yaani watu wa kule walikuwa wanalima boga kabla hata ya mahindi. Upande wetu wa bahari halikuwepo. Tulikuwa na binamu zake, kibuyu na mumunye, ambao ni wa Afrika tangu jadi. Boga halisi halingeweza kufika kabla Columbus hajavuka Atlantiki mwaka 1492, na Vasco da Gama alitia nanga Mombasa Aprili 1498. Baada ya hapo Wareno wakatuletea vitu na majina yake: nanasi, papai, meza, leso, bendera. Halafu wakaanza kujenga Fort Jesus mwaka 1593, wakakaa humo mpaka Waomani walipowatoa mwaka 1698.

Angalia basi kitu kimoja. Nanasi limekuja na jina lake. Papai pia. Boga je? Mreno analiita abóbora, na sisi hatukumfuata. Tumeliita jina linalokaa mlango mmoja na mboga, neno ambalo ukienda Kikuyu, Luganda au Kinyarwanda utalikuta na sura yake ileile. Mimi nalisoma hivi: boga lilipofika lilikuta binamu yake amekaa sebuleni, likakaribishwa kama mtu wa nyumbani, hakuna aliyeuliza kitambulisho.

Na chungu je? Chungu kilikuwa tayari jikoni. Hapa ndipo ninapowapenda wasafiri wa zamani, maana walikuwa wanarekodi chakula kama sisi. Ibn Battuta, yule Mmoroko, alipita pwani hii mwaka 1331. Mogadishu akakaribishwa vizuri sana. Akaandika kwamba wali uliletwa na samli, na ndizi mbichi zikapikwa kwa maziwa, pembeni ndimu za achari, tangawizi mbichi na maembe. (Pia akasema mtu mmoja wa Mogadishu anakula sawa na kundi zima la wenzake yeye. Mgeni ukimlisha vizuri anaenda kukusengenya, hii tabia haikuanza na intaneti.) Mombasa alilala usiku mmoja tu, akaandika kwamba chakula chetu kikubwa ni ndizi na samaki.

Ndizi mbichi kwa maziwa, 1331. Colombo ilikuwa bado, sorry, Columbus alikuwa bado hajazaliwa. Kwa hivyo kitu cha wanga, laini, kilichopikwa ndani ya kitu cheupe na kizito, pwani hii tulikijua kabla boga halijavuka bahari yoyote. Nayo nazi ililetwa kwa maji kutoka upande wa Asia, iliki na mdalasini zikatoka Bara Hindi na Sri Lanka, pilipili ikatoka Amerika kama boga. Ukianza kutafuta kilicho "chetu" peke yetu ndani ya sufuria, utabaki na maji na chumvi.

Kilicho chetu ni mkono. Mbuzi ya kukunia, kifumbu cha kuchujia, na ule ujuzi wa kujua tui lipi linatangulia na lipi linamalizia. Krimu ya pakiti unaifungua kwa meno. Tui unalikalia kitako.

Lakini kesi yangu hasa iko ng'ambo hii ya bara, wala si ya Fort Jesus. Mnajua stesheni inaitwa Kengeleni? Kila siku makanga anaipigia kelele na sisi tunashuka bila kuuliza kengele gani. Kengele ipo, imesimama pale pale. Mwaka 1873 Uingereza ilimbana Sultani Barghash wa Zanzibar atie saini mkataba wa kufunga biashara ya watumwa baharini, na aliyetumwa kwenda kumshawishi alikuwa Bartle Frere. Mwaka 1875 wamisionari wa Kanisa la Kiingereza wakaanzisha upande wa Kisauni makao ya watu waliookolewa kwenye majahazi, wakayaita Freretown kwa jina lake. Kengele ilipigwa kuonya watu hatari ikija. Sai inaonya tuktuk.

Utumwa wenyewe haukufutwa kisheria kwenye pwani hii mpaka mwaka 1907. Rudieni tena: 1907. Kuna watu hapa Kisauni ambao bibi wa bibi yao alikuwa hai. Na mwaka mmoja baadaye, 1908, serikali ya kikoloni ikaleta sheria ya hatimiliki za ardhi. Kila mwenye shamba aje adai, alete ushahidi, aandikwe. Aliyekuwa na wakili na karatasi akaandikwa. Aliyetoka utumwani jana, na Mmijikenda aliyelima pale bila karatasi, wengi wao wakaamka asubuhi wakiwa wapangaji kwenye udongo waliolala juu yake.

Sasa ndiyo boga linaingia, na hapa nimefikiria sana kabla ya kuandika. Desturi ya pwani ni kwamba mti una mwenyewe, hata kama ardhi ni ya mwingine. Ukipanda mnazi, mnazi ni wako, na mnazi hukaa miaka sitini na zaidi. Kwa hivyo wenye mashamba wakawa wanawaruhusu maskwota kulima mahindi, muhogo, kunde, vitu vya msimu, lakini mti? Thubutu. Mti ni dai. Mti ni hatimiliki yenye mizizi.

Boga si mti. Boga linatambaa, linazaa, linakufa, halimtishi mtu. Bibi yangu amekaa maisha yake yote kwenye nyumba isiyo na ardhi, ule mtindo ambao Likoni, Kisauni na Changamwe tunaujua vizuri: kuta na paa ni zako, udongo una mwenyewe, na kila mwezi unalipa kodi ya kiwanja. Mamake alikatazwa kupanda hata mpapai. Basi akawa anafukia mbegu za boga nyuma ya choo, mmea unapanda ukutani, unaingia juu ya makuti, na maboga yanalala juu ya paa kama paka. Mwenye shamba akipita anaona majani tu. Nazi walinunua, au waliokota zile zilizoanguka kwenye minazi ya mwenyewe. Bibi akifika hapo kwenye hadithi huwa anasema, "Iliyoanguka haina jina, mjukuu wangu." Sitaongeza kitu.

Kwa hivyo mkiniambia supu ya boga ni mambo ya Wazungu, au mkiniambia ni chakula cha anasa, mimi naona lile paa.

Na sisi si peke yetu. Kule Haiti, kila Januari 1, nchi nzima inakunywa supu ya boga, inaitwa joumou. Januari 1, 1804, watu waliokuwa watumwa wa Wafaransa walitangaza uhuru baada ya kuwashinda vitani. Wahaiti wanasimulia kwamba supu ile walikuwa wanaipika wao, lakini kuinywa ni bwana peke yake. Siku ya uhuru wakainywa. Desemba 2021 UNESCO ikaiweka kwenye orodha ya urithi wa kitamaduni usioshikika wa binadamu. Yao ina nyama ya ng'ombe ndani, yetu haina, lakini niliposoma habari ile usiku ule kitandani nilikaa wima.

Nikaamua Januari 1 nitawapikia wageni. Desemba nyumba zetu zinajaa jamaa kutoka Nairobi, na binamu yangu alikuja na rafiki asiyekula nyama wala samaki, msichana mpole, siku tatu anakula chapati na kachumbari tu kwa aibu. Nikaenda Kongowea alfajiri nikachukua boga la kienyeji la kilo mbili hivi, lile lenye maganda ya kijani na mabaka, si lile lenye shingo la supamaketi. Nazi tatu. Tulikuwa watu wanane.

Nazi ukishakuna, tia maji vuguvugu vikombe viwili, kamua, weka kando. Hilo ndilo kasimile, usiliguse. Tia maji mengine vikombe vitano kwenye machicha, kamua tena. Hilo ni tui la kupikia. Kaanga kitunguu maji taratibu mpaka kilainike bila kubadilika rangi, tia kitunguu saumu na tangawizi iliyopondwa, kisha vipande vya boga, chumvi, na pilipili mbichi nzima isiyopasuka. Mimina tui la kupikia. Boga likiiva mpaka linavunjika kwa mwiko, toa pilipili, ponda. Mimi nilitumia blenda, bibi akaangalia pembeni kama nimevua nguo.

Kisha moto uwe mdogo kabisa ndipo kasimile liingie, na kuanzia hapo usiache kukoroga. Ukiliacha lichemke kwa hasira litakatika, mafuta yatapanda juu na maji yatabaki chini, na hapo hata UNESCO haikusaidii. Likianza tu kutoa vipovu pembeni, epua. Kamulia ndimu nusu. Sikuchora konokono.

Yule rafiki wa binamu alikunywa bakuli mbili na akaomba ya tatu bila aibu tena. Binamu yangu akasema inafanana na ya hoteli, nikamwangalia. Bibi alionja kijiko kimoja, akanyamaza, akanyoosha mkono akavuta kopo la sukari, akatia vijiko viwili vikubwa na iliki ya kusaga, akakoroga.

"Sasa," akasema, "ndiyo boga."