Ukoo wa Missaglia na Chapa za Deraya za Milan

Katikati ya Milan, Italia, upo mtaa wa Spadari, uliopewa jina la watengeneza panga. Katika karne ya 15 ukoo wa Missaglia ulikuwa na karakana yake ya deraya, mavazi ya chuma ya vita, hapo. Kwa asili walikuwa Wanegroni wa Ello, kijiji cha kaskazini ya mji, lakini wateja waliwajua kwa jina la Missaglia.

Mwaka 1427 jeshi la Milan lilishindwa na Venice huko Maclodio. Inasimuliwa kwamba mafundi wawili tu wa Milan waliwavika upya wapanda farasi 4,000 na askari wa miguu 2,000 kwa siku chache. Mwaka 1435 mtawala Filippo Maria Visconti akampa Tommaso Missaglia daraja la uungwana, heshima kubwa kwa mtu aliyeishi kwa nyundo na tanuri.

Kasi hiyo ilitokana na kugawana kazi. Huyu alifua vifua tu, yule kofia, mwingine mikono au miguu. Kisha vipande vikaungwa kwa misumari na kanda za ngozi. Kofia ilianza kama bamba nene la chuma, likapigwa juu ya fuawe mpaka likawa bakuli, huku fundi akiacha unene mwingi upande wa mbele, panapopokea mkuki. Vazi zima lilikuwa na uzito wa kilo 20 hadi 25 hivi, na uzito huo uligawanyika mwilini, hivyo aliyelivaa aliweza kupanda farasi na kupigana kwa miguu.

Kila fundi aligonga chapa yake kwenye kipande alichokifua: herufi za jina, mara nyingi chini ya taji. Ndiyo maana deraya ya Friedrich wa Kwanza, mtawala wa Palatinate huko Ujerumani, iliyotengenezwa yapata mwaka 1450 na kuhifadhiwa Vienna, ina chapa za mafundi kadhaa, na ya Tommaso imo. Kipande kikivunjika vitani, ilijulikana ni cha nani.

Ujerumani nayo ilikuwa na taratibu zake. Nuremberg wakaguzi waliikagua kazi kwanza, ndipo chapa ya mji ikagongwa; Augsburg ilitumia tunda la msonobari.

Baada ya Tommaso, mwanawe Antonio aliiendeleza karakana hadi miaka ya 1490. Baadaye wakatokea Wanegroli, nao mafundi wa deraya wa Milan. Mwaka 1543 Filippo Negroli alifua kofia ya bamba moja la chuma yenye sura ya mwanamke, ambayo sasa iko Jumba la Makumbusho la Metropolitan, New York. Yeye hakuridhika na herufi mbili: kwenye paji la kofia aliandika jina lake, la baba yake Giacomo, mji wake na mwaka.