Mahanga ya Nervi: Mapaa Yaliyokataa Nguzo

Jengo la kawaida likizidi upana, fundi huongeza nguzo katikati, mambo yakaisha. Kwenye hanga hawezi. Ndege huingia na mabawa yake yote, hivyo sakafu sharti iwe tupu, na upande mmoja wa jengo, tena ule mrefu, uwe mlango mtupu. Paa litashikwa na nini?

Mwaka 1935 jeshi la anga la Italia lilitaka jibu, na Pier Luigi Nervi akalitoa. Mwaka huohuo Mussolini, mtawala wa Italia, aliivamia Ethiopia, Shirikisho la Mataifa likaiwekea Italia vikwazo, na serikali ikaanza kuhubiri kujitegemea. Chuma kikawa cha kubania. Nervi hakuwa mhandisi tu, alikuwa pia mkandarasi aliyejua bei ya kila ubao. Akachagua zege.

Kule Orvieto alijenga mbavu nyembamba zilizopishana kimshazari kama jarife la wavuvi, zikapinda kuwa paa la kuba. Hesabu za wakati ule hazikuliweza umbo hilo, kwa hiyo mfano mdogo wa seluloidi ulitengenezwa na kubebeshwa mizigo katika maabara ya Milano, kazi iliyoongozwa na Guido Oberti. Paa lilisimama, ila mbao za kushikilia zege bichi hadi likauke zilikula fedha nyingi.

Hapo ndipo, kwa maoni yangu, Nervi alipoonyesha ufundi wa kweli. Mahanga sita yaliyofuata, kati ya 1939 na 1942, mawili Orvieto, mawili Orbetello na mawili Torre del Lago, hayakumwagiwa zege kulekule juu. Vipande vya mbavu vilitengenezwa chini, vikapandishwa, nondo zake zikachomelewa, kisha viungo vikajazwa zege. Paa lenye urefu wa karibu mita 100 na upana wa mita 40 hivi likakaa juu ya miguu sita tu.

Mwaka 1944, katika Vita vya Pili vya Dunia, Wajerumani waliyalipua yote wakirudi nyuma. Mapaa yalipoanguka, viungo karibu vyote vilikutwa bado vimeshikana. Fundi gani angetaka cheti kingine?

Nervi aliendelea na mbinu ya vipande hadi kwenye kuba la Palazzetto dello Sport, Roma, lililotumika katika Olimpiki ya 1960 na bado limesimama. Mahanga ya leo mengi ni ya chuma, nayo ni mapana kuliko yale. Kwa uzuri, hayajaifikia Orvieto.