Ujira wa Kapera: Karanga za Nachingwea

Mradi wa karanga wa Nachingwea husimuliwa kwa vyuma: matrekta yaliyoshindwa na visiki, reli ya kwenda Mtwara iliyojengwa kisha ikafungwa, pauni milioni 36 hivi zilizokuwa zimeteketea katika mradi mzima wa Tanganyika Uingereza ilipouacha Januari 1951. Simulizi hiyo inamsahau mfadhili mmoja ambaye hakuombwa idhini: mwanamke wa kijijini na jembe lake. Katika Afrika Mashariki ya kikoloni kibarua alihesabiwa kama kapera. Ujira ulimtosha yeye posho, shuka na kodi, basi. Mke na watoto walidhaniwa kula shambani, iwe Ruangwa au Masasi. Huko Kenya, Kamati ya Carpenter ilikiri jambo hilo mwaka 1954, ikashauri ujira ukadiriwe kwa mtu na familia yake.

Atatokea wa kusema kwamba shamba lilikuwapo kweli, tena kwa Wamwera wa huko, wanaofuata ukoo wa mama, mke hakuwa wa kumsubiri mume na bahasha. Sawa. Lakini muhogo alioulima peke yake, wakati nguvu za mume zilikuwa porini, ulimpunguzia mwajiri gharama ya kumlisha, na hakuna daftari lililoandika deni hilo. Mwingine atasema kibarua aliyeona amepunjwa angeweza kuondoka. Angeondokaje? Sheria ya mabwana na watumishi ya Tanganyika ya mwaka 1923 ilifanya kuacha kazi kabla ya mkataba kwisha kuwa kosa la jinai, na chama cha makuli wa bandari ya Dar es Salaam kilivunjwa na serikali mwaka 1950. Asiyeweza kuondoka wala kuungana na wenzake hana bei ya kupatana, anapangiwa.

Ajabu ni kwamba Desemba 10, 1948, vichaka vya Nachingwea vikiendelea kufyekwa, Uingereza ilipiga kura ya ndiyo kwa Tamko la Ulimwengu la Haki za Binadamu. Ibara ya 23 inadai malipo sawa kwa kazi sawa, haki ya kuunda vyama, na ujira wa kumwezesha mtu kuishi kwa utu, yeye na familia yake. Katiba ya Tanzania nayo, kwa sadfa katika ibara ya 23 vilevile, inatambua malipo ya haki. Familia haikutajwa humo. Anayepanga ujira wa mchimba madini ya kinywe wa Ruangwa leo halazimishwi na ibara hiyo kuuliza nani analima nyumbani.