Stanley ya Nairobi: Historia Fupi ya Nyumba ya Mikutano

Nairobi ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu Mama Mayence Bent alipofungua Hoteli ya Stanley mwaka 1902. Reli kutoka Mombasa ilikuwa imefika kwenye kinamasi hiki mwaka 1899, na kilichoitwa mji kilikuwa mabati, mahema, soko la Wahindi na tope lisilokauka hadi Januari. Mwenye akili zake asingejenga hoteli hapo. Mama Bent hakuijenga. Aliianzisha kwa vyumba vya juu ya duka, katika Victoria Street, barabara ambayo leo tunaiita Tom Mboya, akaipa jina la Henry Morton Stanley, mpelelezi ambaye kila mzungu aliyeshuka kwenye treni alikuwa amesoma habari zake. Wageni wake wengi walikuwa na shida moja: walikuja kuonana na mtu, na mji mzima haukuwa na mahali pa kuketi wakaonana.

Nimeombwa kurasa chache, nami nimepewa siku chache za kuziandika, kwa hiyo nitasema mapema ninapoegemea. Miaka yangu yote katika kazi ya hoteli niliitumia upande wa kumbi, si upande wa vyumba. Wenzangu wa vyumba wataniona nina upendeleo, na ni kweli ninao. Lakini chukua historia ya Stanley kutoka mwanzo wake, utaona kuwa kitanda kilikuwa biashara ya pili. Biashara ya kwanza ilikuwa kiti, meza, na mtu wa pili upande wa pili wa meza.

Hata kisa chetu tunachokipenda kuliko vyote, ambacho ni kisa cha vitanda, kwa hakika ni kisa cha watu wawili kukutana. Mwaka 1903 aliingia Nairobi kijana Myahudi mzaliwa wa Lithuania, Abraham Block, akitokea Afrika Kusini, mifuko mitupu. Akasikia kwamba Mama Bent ana vitanda ila magodoro ni shida. Block akaenda kununua kitambaa kwenye maduka ya Wahindi, akatafuta majani makavu, akashindilia, akashona, akamletea. Mama akayakagua, akalipa. Wageni wa miaka ya mwanzo ya hoteli iliyokuja kusifiwa Afrika nzima walilalia nyasi za Nairobi, na sijasoma popote kwamba walilalamika. Mtengeneza magodoro huyo tutakutana naye tena.

Mwaka 1905 moto ulipita Victoria Street na hoteli ikateketea. Mwingine angepanda treni kurudi Mombasa. Mama Bent akahamia Government Road, ambayo sasa ni Moi Avenue, akaendelea kupokea wageni. Hapo ndipo mji ulipokuwa ukihamia pia: maofisa wa serikali, wawindaji, mawakili, walowezi waliokuja kugombania ardhi na kodi. Kufikia 1913 yeye na mumewe wa pili, Fred Tate, walikuwa wamejenga upya, kwenye pembe ya barabara tunazoziita leo Kenyatta Avenue na Kimathi Street. Siku hizo ziliitwa Sixth Avenue na Hardinge Street. Jengo la zamani lilikuwa limekwenda kwa mwenyeji mwingine pamoja na jina lake, kukawa na mvutano wa nani hasa ni Stanley, na Mama akamaliza ubishi kwa kuiita yake New Stanley. Hiyo "New" ilidumu miongo mingi, hata wakati ambapo hakuna aliyekumbuka ilikuwa mpya kuliko nini.

Ni juu ya pembe hiyo ningependa wasomaji vijana wasimame kidogo. Hoteli haijahama tangu 1913. Mji ndio uliojipanga kuizunguka, mabenki upande huu, maduka upande ule, hadi pembe ile ikawa mahali pa kuelekezea: "tukutane Stanley" ilitosha, hukuhitaji kutaja barabara. Walijitokeza wapinzani. Ewart Grogan alijenga Torr's mwishoni mwa miaka ya 1920, hatua chache kutoka kwetu, na kwa muda vijana wa kizungu walikwenda kucheza dansi huko. Torr's baadaye ikageuzwa kuwa benki. Norfolk, iliyofunguliwa 1904, imebaki, na naiheshimu, ila Norfolk ilikuwa pembeni, pa kupumzika baada ya safari. Shughuli zilikuwa Stanley. Mwandishi Ernest Hemingway alipitia hapa katika safari yake ya kwanza ya Kenya, 1933 kuingia 1934, akiwa mgonjwa wa tumbo, na miaka yote tumemtaja kwa fahari pengine kuliko mgeni yeyote aliyekuwa mzima.

Lazima niseme neno kuhusu mlango. Katika miaka hiyo ya kikoloni waliokaribishwa mbele walikuwa Wazungu. Baba zetu waliijua nyumba hii kutokea upande wa jikoni, dobi na ngazi za huduma, na ni wao waliobeba masinia, waliopiga pasi vitambaa vya meza na kuyajua majina ya wageni wote huku wageni wakiwaita wote kwa jina moja. Picha za ukumbini za enzi hizo zinawaonyesha ukingoni, nusu ya bega, kanzu nyeupe na mshipi. Nayasema haya bila uchungu, lakini nayasema.

Mwaka 1947 Abraham Block aliinunua New Stanley. Ndiyo, yule wa magodoro ya majani. Alikuwa tayari mwenye Norfolk tangu 1927, na sasa hoteli mbili kongwe za Nairobi zikawa chini ya familia moja. Mwanawe Jack alikuja kuwa uso wa kampuni, na kizazi cha wahudumu waliofunzwa chini ya Block Hotels walijulikana kwa mwendo wao: sahani mkono wa kushoto, mgongo wima, hawasemi mpaka waulizwe. Nilipoingia kazini bado kulikuwa na wazee wa namna hiyo. Mmoja wao alinifundisha kupanga viti mia kwa kamba iliyofungwa fundo kila baada ya hatua, na mstari wake haukupinda hata sentimita.

Sasa nifike kwenye chai, maana hapa fahari yangu haina breki. Mwaka 1954 madalali wa hisa walijiunga kuwa chama kilichosajiliwa, na hilo ndilo Soko la Hisa la Nairobi. Soko bila jengo. Hapakuwa na ukumbi wa kunadi wala ubao wenye taa. Biashara ilipigwa kwa simu, na madalali wakakutana Stanley kulinganisha bei, mezani, juu ya kikombe cha chai. Kampuni ya bia, kampuni ya chai, kampuni ya saruji, hisa zao zilibadilisha mikono kwa kauli ya mtu na kauli ya mwenzake. Waafrika na Waasia hawakuruhusiwa kununua hisa mpaka baada ya uhuru wa 1963; baada ya hapo chai ikaendelea, wanywaji wakaongezeka rangi. Mwaka 1991 ndipo soko lilipopata sakafu yake rasmi ya kunadi, katika jengo la IPS, Kimathi Street hiyohiyo. Hesabu mwenyewe ni miaka mingapi uchumi wa nchi ulipimwa kati ya birika na kisahani. Jina la Exchange Bar hotelini linatokana na hayo, na wanaofikiri ni pa kubadilishia dola wamewachekesha wahudumu kwa muda mrefu.

Mkahawa wa Thorn Tree ulifunguliwa 1959, wazi kuelekea barabarani, na mti wa mgunga ukapandwa katikati yake. Wasafiri wakaanza kuacha barua hapo. Karatasi ilikunjwa mara mbili, jina likaandikwa nje kwa herufi kubwa, ikabandikwa mtini kwa pini. Kijana aliyetoka Cape Town kwa lori alimwambia mwenzake anayekuja nyuma kwamba yuko Lamu, au kwamba anauza Land Rover, au kwamba amekwisha kuoa na asimsubiri. Barua nyingine zilikaa miezi hadi wino ukafifia, na hakuna mhudumu aliyethubutu kuzitoa, maana nani ajuaye mwenyewe yuko njia gani. Wachapishaji wa vitabu vya safari wa Lonely Planet waliupenda utaratibu huo hata wakalipa jina la mti wetu baraza lao la wasafiri kwenye intaneti mwaka 1996. Mgunga wa leo si ule wa kwanza. Mti hauwezi kuishi milele ndani ya saruji. Baraza hilo la intaneti limekwisha kufungwa, mti upo.

Uhuru ulibadilisha vibao kwanza. Sanamu ya Lord Delamere, iliyokuwa imesimama barabarani karibu na hoteli, iliondolewa, na barabara ya Delamere, ile iliyokuwa Sixth Avenue, ikawa ya Kenyatta. Hardinge akampisha Kimathi. Ndani, waliokuwa wakipitia jikoni wakaanza kupitia mapokezi, na baadhi ya watoto wa wahudumu wakaja kama wajumbe wa mikutano ambayo baba zao waliiandalia meza. Nimewahi kuona hilo kwa macho yangu, na mzee hakujitambulisha hadi mkutano ulipokwisha.

Kisha mikutano ikawa sekta. Hilton na InterContinental zilifunguliwa 1969. Jumba la mikutano la KICC lilikamilika 1973, na Septemba ya mwaka huo Benki ya Dunia na Shirika la Fedha la Kimataifa walifanyia Nairobi mkutano wao mkuu wa mwaka, wa kwanza katika ardhi ya Afrika. Umoja wa Mataifa ukaweka makao ya mazingira hapa, Chuo cha Utalii kikafunguliwa 1975, na neno "semina" likaingia katika kila wizara. Mwaka 1978 Stanley ikanunuliwa na kampuni ya hoteli ya Sarova, na tukajifunza lugha mpya ya kazi. Mteja hakuagiza tena "chumba cha kuongea". Aliagiza viti vya umbo la U, au vya darasa, au vya sinema, chai ya saa nne na samosa mbili kwa kichwa, kalamu, peremende za mnanaa, chupa mbili za maji. Kitambaa cha meza kilipigwa pasi kikiwa tayari juu ya meza, ili mkunjo usionekane kwenye picha. Glasi iliwekwa juu ya ncha ya kisu, hata pale ambapo hapakuwa na kisu.

Kuna nyakati ambazo sitazieleza kwa urefu. Agosti 1982, kwa jaribio la mapinduzi, mji ulikuwa na siku chache mbaya. Agosti 1998 bomu la ubalozi wa Marekani lilitikisa katikati yote ya jiji, na wenzetu wengi walipoteza ndugu. Machi 2020 mikusanyiko ilipigwa marufuku kwa sababu ya korona, na kwa watu wa kumbi hilo lilikuwa sawa na kuambiwa mvua imefutwa. InterContinental ilifunga mwaka huo, na Hilton mwisho wa 2022. Stanley ipo.

Ya miaka ya karibuni nayataja tu, maana wengine watayaandika vizuri zaidi: ukarabati uliorudisha jina fupi la Stanley, vyumba 217, Thai Chi na vyakula vyake vya Kithai, bwawa la kuogelea la juu, skrini badala ya projekta za slaidi, karne ya kwanza mwaka 2002, ushindani wa Westlands na Upper Hill, mikutano ya nusu kwa nusu, wengine ukumbini na wengine kwenye kompyuta, harusi nyingi kuliko zamani, makongamano machache ya serikali kila hazina inapokaza mkanda.