Sheria ya mihula miwili Marekani ilivyomfunga kwanza mtu wa waliyoitaka

Tangu George Washington aondoke madarakani mwaka 1797, hakuna rais wa Marekani aliyechaguliwa zaidi ya mara 2, ingawa katiba haikukataza. Ilikuwa desturi tu. Franklin Roosevelt, wa chama cha Democratic, aliivunja: alichaguliwa mara 4, akafia madarakani mwezi wa 4 mwaka 1945.

Wahafidhina wakasema desturi haitoshi, iandikwe. Chama cha Republican kilikuwa kimepata wingi bungeni, na mwaka 1947 hakuna mbunge wake hata mmoja aliyepinga marekebisho ya 22. Majimbo yakayakubali mwaka 1951. Rais Truman, aliyekuwa kwenye kiti, hakuguswa. Maandishi yenyewe yalimwacha nje.

Wa kwanza kufungiwa mlango akawa Dwight Eisenhower, Mrepublican, tena mtu aliyependwa. Akaondoka mwaka 1961. Baadaye Ronald Reagan, mhafidhina kamili, alitaka yafutwe ili raia wamchague wamtakaye, lakini si kwa faida yake mwenyewe, bali ya watakaomfuata. Hayakufutwa. Wamarekani wanaweza kuyafuta wakikubaliana. Katiba ya Kongo ya 2006, kifungu cha 220, inakataza hata kugusa hesabu ya mihula.